Karatasi Niliyoishona

Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa Bondeni alinijia mlangoni. Mumewe ni mgonjwa wa mguu. Alikaa barazani, akakataa kahawa, akaniuliza, "Mwenzangu, wewe ulifanyaje?" Nikamjibu mbiombio kwa sababu mtoto alikuwa akilia, naye akaondoka na nusu ya habari. Nusu ya habari ndiyo iliyotuponza sisi. Basi nimekaa kitako niandike yote, na atakayeudhika na audhike. Mume wangu, Mbarak, amenipa ruhusa. Mavyaa wangu, yaani mamake Mbarak, nilipomwambia alinyamaza, nami nimeuchukua ukimya wake kuwa ni ndiyo.

Ugonjwa wenyewe sitaueleza. Daktari aliutaja jina refu, nikalisikia, nikaliacha palepale hospitalini. Ulikuwa ndani ya bega la kulia, ndani kabisa, mfupani. Hilo latosha. La kujua ni kwamba bega lile ndilo lililokuwa likituweka mjini.

Mbarak alikuwa mtu wa bandarini. Kazi yake ilikuwa kurusha kamba: mashua ikileta abiria kutoka kwenye meli, yeye husimama mbele akairusha kamba ya kufungia, na walio nchi kavu wakaidaka. Kamba za wenziwe zilianguka majini. Yake haikuanguka. Bwana mmoja wa Kizungu, ambaye mji mzima tulimwita Masharubu, aliiona siku moja, akamwita, akampa mpira.

Mabwana hawa wana mchezo wao, kriketi. Mmoja asimama na gongo mbele ya vijiti vitatu. Mwingine aja mbio kutoka mbali, amrushia mpira mgumu wa ngozi nyekundu, mkono umenyooka, kiwiko hakikunjwi, akitafuta kuviangusha vile vijiti. Masharubu ndiye nahodha wa klabu yao. Alimtoa Mbarak bandarini akamfanya mrushaji wa klabu, wa kulipwa. Kila siku saa tisa alikuwa uwanjani, akiwarushia mabwana mmoja baada ya mwingine wajizoeze, mpaka jua literemke. Jumamosi kulikuwa na mchezo wenyewe, na wageni kutoka melini au kutoka bara. Gongo hakupewa. Kupiga ni raha, hiyo ni ya mabwana; kurusha ni kazi, hiyo ni yake. Wakati wa chai alikaa nyuma ya jengo.

Miaka minne alifanya kazi hiyo. Watu wa mtaani walicheka mwanzo. "Mtu mzima, kazi yake kurusha mpira?" Baadaye walikwenda kumtazama, wakarudi hawacheki. Mimi nilimwona mara moja tu, nimejitanda gubigubi, nimesimama na wifi yangu nje ya ua. Alikimbia hatua tisa, mkono ukapanda juu ya kichwa kana kwamba ataka kuchuma kitu darini, kisha sikuona mpira, niliona kijiti cha katikati kimelala. Nilijisikia nimeolewa upya.

Mwaka wa nne, wakati wa mvua za vuli, nilimzaa Zena, mtoto wetu wa kwanza. Mamangu alikwisha kufa, kwa hiyo arobaini yangu aliitunza mavyaa. Lazima niseme haki: alinitunza vizuri. Alinikanda kwa maji ya moto, alinifunga tumbo, alinipikia uji wa pilipili manga, alimlaza mtoto kifuani pake ili mimi nipate usingizi. Tulikuwa hatupatani kabla ya hapo. Babangu alikuwa karani wa forodha, hakujaliwa mtoto wa kiume, akanipeleka skuli ya mabibi wa misheni ng'ambo ya Kisauni mpaka darasa lao la mwisho. Nilirudi Mwislamu kama nilivyokwenda, ila nina Kiingereza. Mavyaa hakunisamehe hicho Kiingereza. Aliniita Bi Karatasi.

"Bi Karatasi, chumvi imezidi. Kitabuni hawakuandika?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Arobaini ikatulainisha, nami nilikuwa na shukurani nyingi. Shukurani yaweza kumfanya mtu mjinga.

Ndani ya siku hizo Mbarak alianza kuugua. Nilikuwa chumba cha ndani, nikimsikia ukumbini akivaa, akivuta pumzi kila apitishapo mkono. Mavyaa alimchua kwa mafuta ya simsim. Kisha alimleta fundi wa chuku, akampiga pembe begani, damu nyeusi ikatoka, na siku mbili Mbarak akasema amepona. Siku ya tatu aliangusha kikombe. Yeye, aliyekuwa haangushi kitu.

Saa tisa alikwenda kurusha.

Mwisho akaenda mwenyewe kwa daktari wa Kizungu. Daktari alimbonyeza, akamtazama, akaandika karatasi, akamwambia ampelekee nahodha wake. Mbarak alirudi nayo nyumbani kwanza. Mavyaa akaiona. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo palipoharibika. Kwetu, mganga au mwalimu akiandika kwa ajili ya mgonjwa, ile karatasi ndiyo dawa. Huoshwa ikanywewa, au hukunjwa ikavaliwa hapo panapouma. Hakuna anayeandikiwa dawa ya mkono wake akaenda kumpa mtu mwingine. Mavyaa aliichukua.

Alikuja nayo kitandani kwangu, imekunjwa mara nne, pamoja na kipande cha kitambaa cheusi, sindano na uzi.

"Macho yangu hayashiki uzi," akasema. "Nishonee hirizi ya mume wako. Dawa ya daktari hii, ametoka nayo leo."

"Ina nini ndani?"

"Usiifungue, mwanangu. Utaitoa nguvu."

Alisema *mwanangu*. Alikuwa hajapata kuniita hivyo.

Niliishika. Vidole vyangu vilijua. Ilikuwa karatasi ngumu, laini, ya kizungu, ile tuliyokuwa tukipewa darasani siku ya mtihani. Nilijua kuwa ndani yake mna maneno ya Kiingereza, na kwamba katika nyumba ile mtu wa kuyasoma ni mimi peke yangu. Nikaishona. Nilishona vizuri, mishono midogo, mara mbili mbili pembeni isifumuke. Mbarak akaifunga juu ya kiwiko akaenda kurusha mpira.

Alirusha kwa wiki saba.

Nikiulizwa nina hasira na nani, nataka kujua mwulizaji ana nafasi kiasi gani. Masharubu alimwona akirusha huku uso umegeuka majivu, akamwambia, "Moja tena." Mavyaa alinyang'anya karatasi. Mbarak ana lake, nitalifikia. Lakini wote hao hawakujua kusoma karatasi ile, au hawakuiona. Mimi niliishika mkononi.

Kaskazi ilipoanza kuvuma, arobaini yangu ilikuwa imekwisha zamani, na Mbarak hakuweza tena kuinua mkono hata kujifuta uso. Bega lilivimba, likang'aa kama bilauri. Homa ikamchukua. Jumamosi moja alianguka katikati ya hatua zake tisa, na marafiki zake wa zamani wa bandarini ndio waliomleta kwa mkokoteni, juu ya magunia. Sikumwingiza ndani. Niliwaambia wageuze, wapite nyuma ya Ngome, waende hospitali.

"Wamtoa wapi mwanangu?" mavyaa akapiga kelele mlangoni.

"Nampeleka akatibiwe."

"Anatibiwa! Ana dawa mkononi!"

Hospitalini kulikuwa na baraza ndefu yenye mabenchi, na kila ajaye alipewa kibati chenye namba. Baraza ile naijua kuliko ukumbi wangu. Benchi la tatu lilikuwa na msumari uliochomoza. Saa nne jua hufika miguuni, saa sita huwa mapajani, saa nane huwaachia wagonjwa. Mle ndani mwanamume alikuwa akilia kwa Kibaniani, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Dresa, yaani mfunga vidonda, mtu wa bara aitwaye Yohana, alikata mkono wa kanzu, kisha akaikuta hirizi imezama katika nyama iliyovimba. Aliikata uzi taratibu sana. Hakucheka, hakusema neno la kuvunja dini ya mtu. Alinitilia kiganjani akasema, "Hii ni yako, mama. Iweke."

Niliketi na Zena mgongoni, nikaifumua mishono yangu mwenyewe. Ilinichukua muda, nilikuwa nimeishona barabara.

Iliandikwa hivi, naieleza kwa Kiswahili: Mtu huyu asirushe mpira wala asinyanyue kitu kizito kwa miezi mitatu. Afungwe mkono kifuani. Aletwe kwangu kila Jumatatu. Akiendelea kurusha, aweza kuupoteza mkono.

Nilisoma mara moja. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikumbuki njia. Mavyaa alikuwa akichambua mchele. Nikamsomea kwa sauti, neno kwa neno, jirani wakasikia.

Akaweka ungo chini. "Mimi nilijua ni dawa."

"Ilikuwa dawa. Ilikuwa dawa ya kusomwa!"

"Nimekosa nini mimi, mwanamke nisiyejua kusoma? Wewe wajua. Kwa nini hukuifungua?"

Tulikaa miezi minne katika nyumba moja bila kusemezana ila kwa mdomo wa mtoto. "Zena, mwambie bibiyo chakula tayari." Zena alikuwa hata meno hana.

Daktari alimpasua mara ya kwanza wiki ileile. Walimlaza kwa dawa ya kunusa, wakafungua bega, wakatoa usaha wa kujaza bakuli. Waliacha tundu wazi, wakalitia utambi wa kitambaa ili uchafu uendelee kutoka. Harufu yake sitaificha: ni harufu ya kitu kilichosahauliwa. Wewe unayeuguza, utatapika siku ya kwanza. Katapike nje, ujisafishe, urudi. Siku ya tano hutaisikia tena, na hilo nalo litakuhuzunisha.

Mara ya pili walipasua chini zaidi. Homa haikushuka. Daktari akaniita, akanitazama viatu, akasema kwa Kiingereza polepole kama watu wasemavyo na mtoto kwamba mkono itabidi ukatwe begani. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nimesikia, na kwamba angoje. Akashtuka. Akasema atangoja siku tatu, si zaidi.

Siku hizo tatu ndizo nilizomjua mume wangu.

"Wakate," akasema siku ya kwanza.

"Hawakati."

"Mwanaisha, wakate, nife kidogo, kuliko hivi."

Siku ya pili alinitaka niketi karibu. Macho yalikuwa yameingia ndani. "Ile karatasi," akasema. "Nilijua ni ya Masharubu. Daktari aliniambia nimpe. Mama alipoichukua, nilifurahi."

"Ulifurahi?"

"Nilijua imesema niache. Nani huandikiwa karatasi ya heri? Wangemtafuta mwingine siku ileile. Nikasema, acha ikae kwenye hirizi. Labda ni dawa kweli."

Nilinyanyuka nikaenda zangu barazani. Nilikuwa na maneno ya kumwua mgonjwa, na nilijua nikibaki nitayasema. Nilikaa juu ya ule msumari. Bibi mmoja Mmijikenda aliyekuwa akingojea namba yake alinitazama, akamchukua Zena kutoka mapajani mwangu bila kuniomba, akamchezesha mpaka nikamaliza kulia. Jina lake sikumwuliza. Namba yake ilipoitwa alinirudishia mtoto amelala.

Siku ya tatu asubuhi Yohana alinikuta mlangoni, bakuli mkononi. "Njoo uone," akasema. Usaha ulikuwa umepungua, na ndani yake mlikuwa na kibanzi cha mfupa, kidogo kama ukucha, kilichotoka chenyewe. Jioni homa ikashuka. Daktari alikuja, akanusa, akagusa, akaondoka bila kusema atakata. Yohana aliniletea uji wake mwenyewe katika kikombe cha bati. Nimekula pilau za harusi nyingi. Sijala kitu kitamu kama uji ule.

Alitoka hospitali masika yalipokaribia. Watu hudhani mgonjwa akitoka, mambo yamekwisha. La. Mkono ulikuwa umekonda, umekuwa mkono wa mtoto uliobandikwa kwa mwanamume. Ngozi ilibanduka kama maganda ya kitunguu. Tena ulikuwa ni mkono wa kulia, na Mbarak alikataa kula kwa mkono wa kushoto. Afadhali njaa, alisema. Basi alilishwa. Mamake asubuhi, mimi mchana. Nilikaa na Zena akinyonya upande mmoja na upande wa pili namtilia baba yake matonge mdomoni, wote wawili wananitazama kwa macho yaleyale. Siku nyingine nilimkandamiza tonge kwa hasira, akalimeza bila kulalamika.

Wakati huo ndipo klabu walipomtuma tarishi wao, mtu mzima mwenye kofia nyekundu. Alisimama mlangoni.

"Nimeagizwa vifaa vya klabu. Viatu, na suruali nyeupe."

"Viatu hivi hapa."

"Na suruali?"

"Ipo," nikamwambia. "Nimeikata, imemfunga mkono kifuani. Ingia umvue mwenyewe."

Kutoka jikoni nilisikia mavyaa akicheka. Alijizuia haraka, lakini nilisikia. Tarishi akaondoka na viatu. Wiki hiyohiyo mrushaji mpya alianza kazi, na Masharubu hakutia mguu kwetu hata siku moja.

Kila Jumatatu tulirudi kwenye baraza ya vibati. Mkono wenyewe tuliupima ukutani: Mbarak husimama pale panapoingia mwanga, atambaze vidole juu ya chokaa mpaka vikwame, nami napiga mstari kwa mkaa. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kiuno. Wakati wa mvua kubwa ilifika mbavuni. Kusi iliposhika nguvu ilifika kifuani, na mavyaa akachinja kuku, hakusema ni wa nini. Kisha ikafika usawa wa kidevu, ikasimama. Wiki tano tuliweka mkaa mahali palepale mpaka mstari ukawa mnene. Wiki ya sita Mbarak alichukua mkaa mkononi mwangu, akauweka dirishani.

"Basi," akasema. "Ni huu."

Ni huo. Mpira hatarusha tena. Sasa anashona kofia, zile za vitobo, kazi isiyotaka bega. Anashona vizuri kuliko mimi na hachoki kunikumbusha. Mara nyingine saa tisa nakuta ameacha sindano, ameshika ndimu, vidole viwili juu yake na kidole gumba chini, anaizungusha tu. Miaka minne alikuwa mtu ambaye hakuna mwingine kama yeye katika kisiwa hiki, na waliomwajiri walidai suruali yao. Hasira yangu haijaisha, wala sitaki iishe. Ila nimejifunza kuiacha nje ya chumba cha mgonjwa, kwa sababu mgonjwa hana pa kwenda nayo.

Kama unauguza, nenda na mtu anayejua kusoma. Kama huna, njoo kwangu. Wanawake wa mtaani sasa huniletea karatasi zao, za hospitali, za mahakama, za waume walioko bara. Nafungua zote. Hata zile ninazokatazwa kufungua.

Imebaki moja.

Kabla ya Ramadhani iliyopita mavyaa alianza kujigonga milangoni. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Siku moja akatoka asubuhi bila kuaga, yeye ambaye hospitali alikuwa akiita machinjioni, akarudi adhuhuri, akaketi jikoni akinitazama nikikuna nazi. Alikaa hivyo mpaka mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Bi Karatasi."

"Abee, mama."

Alifungua pindo la leso yake. Karatasi ilikuwa humo, ngumu, laini, imekunjwa mara nne. Hakunipa mara moja. Aliishika kwa mikono miwili kama alivyoishika ile ya mwanawe siku ya hirizi.

"Wameniandikia," akasema. "Yule dresa wenu amenieleza, lakini sikumsikiliza, nilikuwa naogopa. Ifungue."

Nilijifuta mikono nikaifungua. Nikamsomea polepole: kwamba jicho la kushoto limechelewa, kwamba la kulia laweza kuokolewa akija Jumatatu, kwamba asije peke yake.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu, mama."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Mbarak alikuwa amesimama mlangoni, kofia na sindano mkononi. Mavyaa alinyoosha mkono akaipokea karatasi, akaitazama kwa lile jicho zima kama mtu atazamaye njia ngeni. Nilingoja aikunje. Hakuikunja. Aliilaza juu ya mkeka, wazi, akaiwekea kikombe juu isipeperuke.

"Jumatatu," akasema. "Wewe ndiye utakayenishika mkono."